Masaka, mji ulioachwa nje ya simulizi letu

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1979, mizinga ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania iliupiga mji wa Masaka kutoka pande tatu mpaka kukapambazuka. Askari wengi wa Iddi Amin walikuwa wameshatimua mbio. Wetu wakaingia, mji ukawa mikononi mwao. Kilichofuata ndicho ambacho huku Kagera hatukisimulii: mji uliokwisha kutekwa ukaanza kulipuliwa kwa baruti, jengo moja baada ya jingine.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, na vita hivi nimevisikia tangu utoto, jikoni, misibani na kwenye sherehe za mashujaa. Masaka ilitajwa kama kituo tu cha njiani kuelekea Kampala. Basi msimu wa senene ulipoingia, mwezi Novemba, mimi na mume wangu tukapakia mabegi kwenye pikipiki na kuifuata njia ileile waliyopita wanajeshi.

Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kilomita 80 hivi, lami tupu. Mume wangu aliendesha taratibu, nami nyuma nikiwa na nafasi ya kutazama. Mtu akiwa kwenye basi huvuka Daraja la Kyaka bila kujua. Sisi tulisimama. Mto Kagera pale ni mpana, maji yake ya rangi ya udongo yanakwenda kasi, na mtu hahitaji kuwa mwanajeshi kuelewa kwa nini daraja hilo lilikuwa na thamani kubwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto huu, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja likalipuliwa ili tusivuke. Baadaye wahandisi wa JWTZ walitandika daraja la vyuma la muda, wanajeshi na mgambo wakavuka.

Hapo Kyaka kuna kanisa lililobomolewa katika vita hivyo, na magofu yake yameachwa yasimame kama kumbukumbu. Ukuta umebaki, paa hakuna. Wanafunzi hupelekwa pale na walimu wao, na ni vizuri wapelekwe. Raia wanaokadiriwa kufika 1,500 waliuawa katika eneo lililovamiwa. Wanawake walibakwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kuvushwa mpaka, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Hasira ya watu wa huku haikuwa ya kufundishwa. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga nduli Amin, alikuwa akisema na watu ambao tayari walikuwa na makaburi mapya.

Nayasema haya kwanza kwa sababu bila Kyaka huwezi kuielewa Masaka. Ila kuielewa si sawa na kuihalalisha.

Mpakani siku hizi kuna kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili mwaka 2017. Unapigwa mihuri yote miwili ndani ya jengo moja, unalipia bima ya pikipiki, unaendelea upande uleule wa kushoto wa barabara. Januari 1979 Mutukula ya upande wa Uganda ilitekwa, kisha ikasawazishwa kwa matingatinga, na wapo raia waliouawa, hasa wazee walioshindwa kukimbia. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaagiza raia waheshimiwe. Ilikuwa mwezi mmoja tu kabla ya Masaka.

Tunayajua mengi ya siku hizo kwa sababu ya wanandoa wengine waliopita barabara hii kabla yetu. Martha Honey na Tony Avirgan, waandishi wa habari Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, walifuatana na jeshi letu ndani ya Uganda, na kitabu chao kuhusu vita hivyo kilitoka mwaka 1982. Waliviunga mkono vita hivi waziwazi. Hata hivyo hawakuficha walichokiona. Naliheshimu sana jambo hilo, maana mwenye kuipenda nchi yetu ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza.

Kutoka Mutukula unapita Kyotera, migomba kulia na kushoto, hadi Masaka, kilomita kama 90. Mji umekaa juu ya vilima. Kabla ya 1979 ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Uganda, wenye biashara ya kahawa na maduka marefu ya ghorofa moja au mbili yaliyojengwa na Wahindi, ambao Amin aliwafukuza mwaka 1972. Mwaka huohuo, Septemba, wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walitoka Tanzania wakajaribu kuiteka Masaka na Mbarara, wakashindwa vibaya. Amin akalipiza kwa kuzirushia mabomu Bukoba na Mwanza. Kwa hiyo 1979 haikuwa mara ya kwanza kwa Masaka na Bukoba kuumizana.

Waliolipua majengo walikuwa wanajeshi wetu, waliokuwa wameona nyumba za Kagera zikiwa majivu. Walichokivunja hakikuwa cha Amin. Kilikuwa cha muuza duka, cha fundi cherehani, cha mkulima wa kahawa wa Buddu, eneo linaloizunguka Masaka, ambaye naye alikuwa akimwogopa Amin kama walivyomwogopa watu wa Kyaka.

Tulitembea kwa miguu Elgin Road, barabara kuu ya biashara. Leo ni msongamano wa benki, simu, nguo na bodaboda. Lakini kwa miaka mingi baada ya vita mji huu uliishi na kuta zisizo na paa. Ukarabati ulichelewa, na kabla haujashika kasi, mwaka 1985 waasi wa Museveni wakaizingira kambi ya Masaka kwa miezi hadi ikasalimu amri mwezi Desemba. Katikati ya hayo ukaja Ukimwi. Uliwashukia watu wa Rakai jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 ukaonekana kwetu Kagera, wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania. Hadhi ya jiji Masaka iliipata Julai 2020.

Jioni tulikwenda kuona mitego ya senene. Mabati mapya yamesimamishwa wima, yamezunguka mapipa. Juu yake taa kali nyeupe. Chini, majani mabichi yanachomwa yatoe moshi. Senene wanafuata mwanga, moshi unawalevya, wanagonga bati na kuteleza hadi kwenye pipa. Kina mama walikuwa wakikwanyua mabawa na miguu kwa kasi ambayo mama yangu angeitambua. Nilimsalimu mmoja wao, nikamwambia tumetoka Bukoba. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, tukakwanyua pamoja huku mimi nikisema Kihaya na yeye Kiganda. Tulipofika kwenye bei, hakunipunguzia.

Sikumwuliza kuhusu 1979. Alikuwa kijana mno kuwa na la kusimulia, na waliokuwepo wanazidi kupungua, huku na kule. Mwanajeshi aliyekuwa na miaka 20 alipoingia Masaka sasa ameshapita miaka 65.

Hapa mkoani tunayo makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba, ambako mashada huwekwa na mizinga hupigwa kwa heshima, na wanastahili. Ninachoomba ni kwamba wazee wetu waliovuka Mutukula waulizwe wangali na pumzi: nani alitoa amri ya baruti, au hakuna aliyeitoa; nani alikataa; watu wa mjini walikuwa wapi siku hiyo. Wazee wa Masaka waulizwe vilevile, na majibu yawekwe pamoja shuleni, Bukoba na Masaka, mahali ambapo mtoto aliyepelekwa kuona kanisa la Kyaka atayakuta.