Kinyozi hajinyoi: historia ya kukosoana darasani, kutoka Glasgow hadi Kilwa

Najua nimekuwa kimya. Wiki nane za BTP kule Kilwa zimekwisha, nimerudi chuo nikiwa nimeiva kwa jua la pwani, na kila ninayekutana naye kantini anauliza picha za magofu ya Kisiwani. Picha zipo, zitakuja. Leo nina jambo lingine, tena la haraka, maana Ijumaa tunalipigia kura.

Kwa ambao si wa darasa letu: wahadhiri wametuuliza kama zile fomu tunazojaziana sisi kwa sisi, yaani mmoja anakaa nyuma ya darasa kumtazama mwenzake akifundisha, ziingie kwenye alama za mwisho za mazoezi. Kwenye kikao cha kwanza wengi walisema ndiyo, na sababu mnaijua, fomu zetu zimejaa tano juu ya tano. Wachache walisema fomu zifutwe kabisa kwa kuwa ni usanii mtupu. Mimi naona pande zote mbili zinakosea, na hoja zangu nimezitoa kwenye historia. Mnanijua, somo langu la kufundishia ndilo hilohilo, kwa hiyo nivumilieni.

Tuanze mbali. Mwaka 1837 kule Glasgow, Uskochi, mfanyabiashara mmoja aitwaye David Stow alifungua chuo cha kuandaa walimu. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mwanachuo anasimama mbele ya watoto halisi na kufundisha, wenzake na wakufunzi wameketi wanamtazama. Baadaye watoto wakishaondoka, wenzake wanasema walichokiona, kizuri na kibaya, na mkuu wa chuo anafunga mjadala. Utaratibu huo ukaenea vyuo vya Uingereza na kudumu miaka mingi, ukijulikana kama somo la kukosolewa. Kwa hiyo anayedhani kukosoana ni mtindo mpya umeletwa na wafadhili juzi juzi, ajue una karibu miaka 190.

Kumbukeni kwamba kwa Stow kukosoa kulikuwa mazungumzo. Mtu alisema, mwenzake akasikia, wakabishana.

Sasa linganisheni na kilichotokea Uingereza hiyohiyo mwaka 1862. Serikali ilitoa kanuni mpya: ruzuku ya shule itategemea watoto wangapi wamefaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Matokeo yake? Walimu wakawakaririsha watoto kurasa ambazo mkaguzi angeuliza. Mkaguzi ambaye angeweza kuwa mshauri akawa mtu wa kukimbiwa na kudanganywa. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kuondokana na mpango huo. Hapo kuna funzo la kwanza kwa kura yetu. Ukishafunga zawadi au adhabu kwenye jicho la mtazamaji, anayetazamwa anaanza kuigiza, na mtazamaji naye anaanza kuhesabu maslahi yake.

Haya, turudi nyumbani pwani. Kilwa ilikuwa mji wa wasomi kabla Glasgow haijafikiria chuo cha ualimu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akakuta masharifu kutoka Hijazi na Iraki wanakuja kwa sultani. Na kwenye chuo cha Kurani cha pwani, tangu zamani, mtoto aliyetangulia humsikiliza aliye nyuma yake kabla hajafika mbele ya mwalimu. Ukikosea herufi, wa kwanza kukushika ni mwenzako wa jamvini, bila alama na bila fomu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za vyuo hivyo katika kitabu cha desturi za Waswahili alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Kwa hiyo tusiseme kusahihishana si mila yetu.

Kilichotukuta baadaye ni upweke na ukaguzi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaishia Masasi na kuanzisha kijiji cha misheni. Walimu wa misheni ile walifundishwa Kiungani, Unguja, kisha wakashushwa Lindi na kutembea bara. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa akiwa mtoto, alipelekwa Chitangali mwaka 1886, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni yao kufikia daraja hilo. Mfikirieni mtu kama huyo, siku kadhaa za mwendo kutoka pwani. Kukosolewa na nani? Mwenzake wa Kiungani alikuwa kijiji kingine, njia yenyewe ya hatari. Ualimu wa kusini ulianza na mtu mmoja mmoja porini, na mpaka leo mwalimu akipangiwa shule ya mbali anaujua upweke huo.

Wajerumani nao walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na shule nyingine zikafuata miji ya pwani. Lengo halikufichwa: makarani, makalani wa kodi na maakida wanaojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Mnajua maakida walivyochukiwa. Julai 1905, Nandete, kwenye milima ya Umatumbi ndani ya Kilwa hiihii, watu waling'oa pamba na Maji Maji ikaanza. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro. Sisemi vita vilitokana na shule, hapana. Nasema tu kwamba mahali ambapo mtu mwenye daftari alikuwa ni mtu wa kuandika kodi na majina ya wakaidi, kuandikwa hakuwezi kuwa jambo la kupendeza. Nimeona hata leo, ukiingia darasani na karatasi mkononi, mwalimu mwenyeji anakaza mgongo.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1925 Kenya ilianzisha chuo cha Jeanes pale Kabete, kilichoandaa walimu wa kutembelea shule za vijijini. Kazi ya hao ilikuwa kumwonyesha mwalimu wa kijijini namna ya kufanya, kukaa naye, kisha kurudi tena. Jicho la nje, lakini jicho la msaada.

Baada ya Uhuru tukapata rais aliyewahi kushika chaki. Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, na mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea alilalamikia shule zinazoishi kwa ajili ya mtihani. Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974: watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977. Walimu watoke wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa shuleni, wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu nyingine kwa masomo ya posta na redio. Zaidi ya 30,000 walipita njia hiyo. Tumezoea kuwacheka, "mwalimu wa UPE", kama vile kaka na dada zetu walivyowacheka wale wa katikati ya miaka ya 2000 waliopigwa msasa wa mwezi mmoja baada ya kidato cha sita na kupelekwa sekondari za kata. Vodafasta! Jina lenyewe linatosha.

Lakini pale Masoko nilikutana na babu mmoja, mwalimu mstaafu, zao la UPE hilohilo. Nilimwamkia, akanikaribisha barazani, tukaongea mpaka magharibi. Akanieleza kwamba shuleni kwao walikuwa vijana watatu, na jioni kila mmoja aliwasomea wenzake andalio lake la kesho. Asipoelewa mmoja, basi mtoto wa darasa la tatu hataelewa, wanalibadilisha. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa wanaogopa kuumbuka mbele ya watoto, na watoto wengine walikuwa wadogo zao wa damu. Nikajiuliza, sisi wenye vitini na semina, jioni tulikuwa tunafanya nini? Mpira na simu.

Turudi kidogo ng'ambo. Mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Dwight Allen na wenzake walibuni maikrotichingi: somo fupi la dakika chache, wanafunzi wachache, linarekodiwa kwa video, wenzako na msimamizi wanakueleza walichoona, halafu UNALIRUDIA kwa kundi jingine la wanafunzi. Neno hilo nimeliandika kwa herufi kubwa makusudi. Kule Japani nako walimu wana desturi ya zaidi ya karne moja ya kupanga somo pamoja, mmoja kulifundisha, wengine kutazama, kisha kulirekebisha pamoja.

Sasa pangeni vitu hivi mezani. Stow alikuwa na mazungumzo. Babu wa Masoko alikuwa na maandalizi ya pamoja. Stanford walikuwa na kurudia somo. Sisi tumebaki na nini? Fomu! Tumechukua karatasi, mambo yenyewe tumeyaacha. Halafu tunashangaa kwa nini kila mtu anapata tano.

Na msidhani haiwezekani kwetu. Kuna tukio moja nitalisimulia bila jina la mtu wala shule. Mwenzetu alifundisha kidato cha kwanza, darasa la watoto zaidi ya sabini, wametoka msingi kwa Kiswahili na sasa kila kitu Kiingereza. Sauti nzuri, ubao umepangika, zana zipo. Watazamaji wawili waliandika "vizuri sana". Dada wa tatu hakuandika sifa wala lawama, aliandika alichokiona tu: tangu saa 4:10 hadi saa 4:25 madawati matatu ya nyuma hayakuandika neno lolote. Mwenye somo alinuna kweli, siku nzima hawakusemeshana. Usiku akatoa lile andalio, akachagua maneno magumu manane, na keshokutwa akafundisha somo lilelile mkondo B. Akaanza na maneno yale, akayafafanua kwa Kiswahili, akafundisha akitembea mpaka nyuma. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha mtazamaji. Madaftari ya nyuma yalikuwa na maandishi. Si miujiza, wapo walioandika ovyo, lakini walikuwa ndani ya somo.

Mhadhiri asingeliona lile. Alikuja mara mbili tu, na siku anayokuja mnajua wenyewe, darasa linafagiliwa, watoto wameonywa, mwalimu amevaa shati la sikukuu. Sisi tunaonana Jumanne ya kawaida, umeme umekatika na nusu ya watoto wamekuja bila kula. Ndiyo maana wanaotaka fomu zifutwe siwaungi mkono. Kinyozi hajinyoi. Lazima mtu wa pili akuone kisogo.

Lakini wanaotaka ziwe alama nao wajibu swali moja: yule dada angeandika vile kama angejua anamkata mwenzake alama za digrii? Mtu anayelala naye chumba kimoja na kuchanga naye hela ya dagaa? Asingeandika, tena ningemwelewa. Tungerudi kulekule Uingereza ya 1862, kila mtu anaigiza. Mtasema bila alama hakuna atakayejali. Nakubali uvivu upo. Dawa yake si kupeana namba. Dawa ni mhadhiri kuuliza kitu kimoja tu: somo lililorudiwa liko wapi? Alete andalio la kwanza, alichokiona mwenzake, na andalio la pili. Hapo huwezi kughushi kirahisi, na ukighushi umeshajifunza kitu.

Pia tufikirie mbele. Mkoa wa Lindi ulikuwa kwenye mpango wa EQUIP-T tangu 2014 hadi ulipoisha 2020, walimu wa msingi wakijifunza pamoja shuleni kwao. Sasa kuna MEWAKA na zile Jumuiya za Ujifunzaji, ambamo walimu wa shule moja wanakaa na kusaidiana bila kupeana alama. Huko ndiko tunakokwenda. Tukizoea hapa chuoni kujazana tano tano, tutaibeba tabia hiyo miaka thelathini, na wa kulipa ni wale wa madawati ya nyuma.

Kwa hiyo Ijumaa nitanyoosha mkono kwa pendekezo hili: fomu zibaki, namba zitolewe, yawekwe maswali matatu. Umeona nini? Nani aliachwa nyuma? Utarudia vipi, na lini? Kisha somo lirudiwe mkondo mwingine, mtazamaji akiwa yuleyule.

Anayepinga aje na hoja, nitamsikiliza. Kikao ni saa nane mchana, tafadhalini msije saa tisa.