Wahindi wa Mwanza: Historia Tuliyoigawa Nusu

Mwanza haikuwahi kuwa mji wa kabila moja. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli ziliunganisha bandari za ziwa, na Wahindi wakaja na maduka, kisha viwanda vya kuchambua pamba. Walishikamana: walioana, walisali na kusomesha watoto wao kwa wao. Mkulima wa Kisukuma alikutana nao kwenye mizani tu, mizani asiyoiamini. Ndipo Paul Bomani na wenzake wakaunda shirikisho la ushirika la Victoria mwaka 1955. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na wengi wakahama. Manung'uniko ya mkulima yalikuwa ya haki. Uzawa wa waliozaliwa hapa nao ulikuwa wa haki. Tumefundisha la kwanza. La pili tumelinyamazia.