Kufikiwa na Zebaki

Wataalamu wa afya ya umma wana dhana moja ambayo Kiswahili hakijaipatia neno lililotulia: hali ya kemikali kumwingia mtu, awe ameugua au hajaugua. Wafasiri wengine huandika mfiduo, kutokana na kitenzi fidua, yaani kufunua au kuacha wazi. Wengine husema kuathirika. Kwa mjamzito, uchaguzi huo wa neno una uzito mkubwa.

Tuangalie Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, wanakoishi Wasomali na Wakenya wengi. Huko zebaki humjia mjamzito kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni samaki. Zebaki ya moshi wa makaa ya mawe huanguka majini, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, nayo hulimbikizana katika samaki wakubwa walao wenzao. Mwaka 2011 Idara ya Afya ya Minnesota ilitoa matokeo ya vipimo vya damu ya watoto wachanga 1,465 kutoka bonde la Ziwa Superior: asilimia 8 walikuwa na zebaki kupita kiwango cha tahadhari.

Njia ya pili ni mkorogo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina chumvi za zebaki, ambazo huzuia ngozi kutengeneza melanini. Amira Adawe, mwanzilishi wa BeautyWell Project, amekuwa akizipiga vita krimu hizo katika miji hii kwa miaka mingi. Zebaki ya krimu hizo haiishii kwa aliyejipaka. Hushika taulo, mashuka na mikono, na mvuke wake huvutwa na kila aliyemo nyumbani.

Sasa mfikirie mkalimani kliniki. "Dada, unatumia krimu ya kung'arisha ngozi?" Mjamzito anajibu hapana, na ni kweli, anayejipaka ni wifi yake wanayeishi naye. "Umeathirika na zebaki?" Hapana, hajisikii vibaya popote. Majibu yote mawili ni ya kweli, na mtoto bado yumo hatarini. Kutumia hutaja tendo la mama mwenyewe. Kuathirika hutaja dhara lililokwisha kuonekana. Linaloulizwa liko kati ya hayo mawili.

Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, ilionyesha jambo hilo kwa uchungu: akina mama wenye dalili chache walizaa watoto walioumia vibaya ubongo. Zebaki ya methili hupita kondo la nyuma kwa urahisi, na damu ya kitovu huwa nayo nyingi kuliko damu ya mama. Hata kiasi kidogo chaweza kupunguza baadaye uwezo wa mtoto wa kukumbuka, kuzungumza na kutulia darasani.

Kwa hiyo napendekeza kufikiwa na zebaki. Kitenzi hiki hakimlaumu mama wala hakimtangazi mgonjwa, na kinafungua swali linalostahili: "Zebaki inaweza kuwa imekufikia kwa njia gani: chakula, dawa, au vipodozi vya yeyote nyumbani?" Nyaraka rasmi ziendelee na mfiduo zikitaka, mradi zieleze maana yake.

Zebaki ya methili hupungua mwilini kwa nusu katika siku 50 hivi. Mama aliyeulizwa vizuri mapema ana muda wa kubadili aina ya samaki na kuitoa krimu nyumbani kabla hajajifungua.