Mstari wa Ziwa, Mstari wa Goli

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2010 ilitukuta Mbuji tukiwa ndani ya ukungu. Lile jiwe kubwa ambalo mgeni huonyeshwa kabla hata hajakaribishwa kiti lilikuwa limepotea lote, na kuku walikuwa hawajatoka bandani ingawa tulikwisha kurudi kanisani.

Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kwenye milima ya Umatengo. Mtu akiingia jikoni ametafuta moto, na akishaupata haondoki. Kahawa ilikuwa inaiva shambani, lakini Jumapili haichumwi. Mama alibandika chungu cha maharage mapya, akatupa kazi moja tu: kuchochea kuni. Maharage hayo yalitoka kwenye ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama asali kwenye sega kuanzia bondeni hadi juu ya kilima. Karne ya 19 wazee wetu walikimbilia huku wakikwepa mashambulizi ya Wangoni, na kwa kuwa miteremko ni mikali, wakajifunza kulima kwa namna ambayo mvua haiondoki na udongo.

Mboga ya pili ilikuja na mjomba. Alikuwa amefika jana yake kutoka Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa lori hadi Mbinga na kwa pikipiki hadi kwetu, barabara ikiwa bado ya vumbi tupu. Alibeba kiroba cha dagaa wakavu na kuvaa makoti mawili.

"Shemeji," baba alimwambia, "huku kwetu ukifa usiku hatuharakishi kuzika. Hauozi."

"Ndiyo maana mkamchukua dada yangu," mjomba akajibu. "Mlitafuta wa kuwasha moto."

Saa 11 jioni tulihamia sebuleni. Baba aliwasha jenereta, televisheni ya inchi 14 ikapigwa kofi upande mmoja, picha ikatulia. Kombe la Dunia lilikuwa Afrika kwa mara ya kwanza, na siku hiyo pale Bloemfontein, Ujerumani ilikuwa inacheza na Uingereza. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, nikakaa chini na sinia la dagaa, nawakata vichwa huku natazama.

Baba alikuwa upande wa Ujerumani. Mjomba alikuwa upande wa Uingereza. Nilidhani ni ushabiki tu, kama wa Simba na Yanga. Nilipoendelea kukata vichwa vya dagaa nikaanza kuona kwamba hakuna kati yao aliyechagua.

Baba alisomeshwa na mapadre wa Peramiho, Wabenediktini kutoka Ujerumani waliofungua misheni hiyo mwaka 1898. Wamatengo wengi ni Wakatoliki kwa sababu hao. Mjomba alibatizwa Anglikana, kama karibu watu wote wa Liuli, na misheni ya Kianglikana ya UMCA iliwafikia Wanyasa kwa meli kutoka kisiwa cha Likoma, ambako ilijenga makao yake tangu miaka ya 1880. Kwa hiyo Mwingereza alikuja kwa maji, Mjerumani kwa milima, na mama yangu aliolewa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mama mkubwa, dada yao wa kwanza, aliolewa Likoma kwenyewe. Likoma leo ni Malawi.

Klose akafunga. Baba akapiga makofi. Podolski akafunga la pili, na mjomba akavua koti moja.

"Hata 1914 tulianza hivi," alisema. "Tuliona kwetu."

Alikuwa anasema kweli. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe la Pomonda linalofanana na mnyama aliyelala majini. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kuipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, akatoka na mtumbwi amejaa hasira, kwa sababu nahodha Rhoades wa Gwendolen alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Alitaka kujua kama amelewa. Hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zimeanza vita. Alichukuliwa mateka, na magazeti ya London yakaandika juu ya ushindi wa majini. Majini kwa nani, mjomba alipenda kuuliza, maana nyavu zilizokuwa zinakauka siku hiyo zilikuwa za babu zake.

Upson akarudisha moja. Dakika moja baadaye Lampard akapiga kwa mbali, mpira ukagonga mwamba, ukadundia ndani ya goli na kurudi mikononi mwa Neuer. Mjomba alikuwa amekwisha kusimama. Mwamuzi hakupuliza filimbi. Mshika kibendera hakuinua kitu.

"Umevuka mstari!" mjomba alipiga kelele. "Shemeji, umevuka au haujavuka?"

Televisheni ilirudia mara nne, na mpira ulikuwa umevuka mstari kwa nafasi ya kupitisha mkono. Baba, shabiki wa Ujerumani, alitazama chini.

"Umevuka," alisema. "Lakini mwenye filimbi ndiye anayechora mstari."

Müller aliongeza mawili kipindi cha pili, ikawa 4 kwa 1. Tulikula ugali, maharage na dagaa katikati ya kelele za jenereta, na petroli ikaisha kabla wachambuzi hawajamaliza kulaumiana.

Maneno ya baba nilikuja kuyaelewa miaka miwili baadaye, mwaka 2012, redio zilipojaa habari za mpaka wa ziwa. Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta na gesi, na mgogoro wa tangu enzi za Nyerere na Banda ukafufuka. Malawi inashika mkataba ambao Ujerumani na Uingereza walitia sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, unaosema mpaka unafuata ufukwe wa mashariki. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa yanayochangia ziwa. Baada ya Vita ya Kwanza Mwingereza alitawala pande zote mbili, na baadhi ya ramani zake zilipitisha mstari katikati, nyingine ufukweni. Mwenye filimbi alikuwa mmoja, hakuwa na haraka ya kuamua.

Nilimpigia mjomba simu.

"Kama ni ufukweni," alisema, "basi nikienda kuoga nimesafiri nje ya nchi."

Tulicheka. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama serikali itawaambia mapema.

Mwaka 2014, kwenye Kombe la Dunia la Brazil, magoli yalifungwa mitambo ya kumwambia mwamuzi mpira ukivuka. Ziwa halijapata mtambo wake. Mazungumzo yaliyosimamiwa na marais wastaafu wa kusini mwa Afrika, chini ya Joaquim Chissano, hayajaleta mwafaka hadi leo.

Mama mkubwa alifariki Likoma mwaka 2013, mwezi wa Julai. Mjomba alivuka kwenda kuzika, kama alivyovuka kwenye harusi yake na kama baba yake alivyovuka kwenda kanisani. Alivaa yale makoti mawili. Mama, aliyemsindikiza hadi ufukweni, alituambia kwamba kabla ya kupanda boti mjomba alitoa kadi yake ya mpiga kura, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mfuko wa ndani. Hakuwahi kuibeba ziwani maisha yake yote.

Kule Likoma hakuna aliyemuuliza. Alirudi na chungu cha dada yake, na ndicho mama anachopikia maharage Jumapili, baridi ikiingia.