Barabara Kuu ya Kwanza ya Msumbiji na Mito Yake

Barabara Kuu ya Taifa Namba 1 ya Msumbiji, ijulikanayo kwa kifupi kama EN1, huanzia Maputo, kusini kabisa mwa nchi, na kupitia Xai-Xai, Inchope, Caia, Mocuba na Nampula hadi mji wa Pemba, kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000. Utawala wa Kireno haukuwa na haja kubwa ya njia ya namna hiyo, kwani reli zake zilitoka bandarini kuelekea bara: ile ya Lourenço Marques, kama Maputo ilivyoitwa hadi 1976, ilihudumia migodi ya Transvaal, Afrika Kusini, na ile ya Beira ilihudumia Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilhali majimbo ya Manica na Sofala yalikuwa mikononi mwa Kampuni ya Msumbiji, shirika la wafanyabiashara lililopewa mamlaka ya kutawala hadi 1942. Ndiyo maana nchi iliyopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 ilikuwa na bandari zilizofahamiana na majirani kuliko zilivyofahamiana zenyewe.

Vita vya 1977 hadi 1992, kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo, viliigeuza barabara hiyo kuwa mahali pa kuvizia watu, na mauaji ya Taninga, kaskazini ya Maputo, mnamo Oktoba 1987, ni miongoni mwa yanayokumbukwa kwa uchungu. Wasafiri walijifunza kusubiri koluna, yaani msafara wa magari unaosindikizwa na askari. Desturi hiyo, iliyodhaniwa kuwa imezikwa na mkataba wa amani wa Roma wa 1992, ilirejea mwaka 2013, mapigano yalipozuka upya, kati ya Mto Save na mji wa Muxúngue.

Hata hivyo, mito imeitesa barabara hii kwa muda mrefu kuliko bunduki, kwa kuwa Limpopo, Save, Zambezi na Licungo yote hushuka kuelekea bahari ya mashariki, nayo barabara haina budi kuivuka mmoja baada ya mwingine. Penye tabu kubwa palikuwa Caia, ambako magari yalivushwa Zambezi kwa pantoni, na malori yakipanga foleni ukingoni, pengine kwa siku kadhaa, maji yalipojaa au chombo kilipoharibika. Daraja la mita 2,376 lilifunguliwa hapo tarehe 1 Agosti 2009, likapewa jina la Armando Guebuza, rais aliyekuwa bado madarakani, heshima ambayo kwa kawaida ingengoja hukumu ya wakati. Miaka 6 haikutimia kabla Licungo haijafurika, Januari 2015, ikabomoa sehemu ya daraja la Mocuba na kuangusha minara ya umeme wa bwawa la Cahora Bassa, hata kaskazini ikakosa njia na taa kwa pamoja.