Kompyuta isiyouliza nywila ni nyumba isiyo na komeo

Nina saiba ndogo mjini Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili. Kwa muda mrefu niliiacha kompyuta yangu ijifungue bila kuuliza nywila, ili wateja wa eCitizen na KRA wasikawie. Siku moja nilitoka kununua chai. Niliporudi, nilimkuta kijana akisoma kitambulisho cha mama mmoja nilichokuwa nimekiskani. Hakuna kilichoibwa, lakini nilishtuka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

Kwenye Windows 11 nilifanya hivi. Kwanza, nilifungua Mipangilio, nikaenda Akaunti, kisha sehemu ya njia za kuingia. Niliweka nywila, halafu PIN. PIN hiyo hufanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu. Atakayeichungulia hawezi kuitumia kwingine. Pili, hapo hapo nilichagua niulizwe tena kila kompyuta inapoamka usingizini. Tatu, wateja niliwafungulia akaunti yao ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi, ili wasifikie mafaili yangu. Nne, nimejizoesha kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kabla ya kuinuka. Skrini hujifunga papo hapo.

Ndugu msomaji mwenye saiba, uwe Mombasa au Lamu, fanya hivyo leo. Kuandika PIN ni sekunde chache tu. Kumweleza mteja kwamba kitambulisho chake kimesambaa ni aibu ya miaka.