Kutoka Kivukoni hadi Alsace: Wasomi wa Ifakara kwenye meza ya Wafaransa

Mwaka 1949 mtaalamu wa zuolojia kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, katika Bonde la Kilombero nchini Tanganyika, akitafuta mahali pa kuyachunguza magonjwa ya nchi za joto yakiwa kwao. Miaka sita nyuma, vita vikiwa vimeizunguka nchi yake pande zote, alikuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki mjini Basel. Ifakara ilimfaa kwa sababu Waswisi wenzake walikuwa wameshatangulia: mapadri na mabruda Wakapuchini pamoja na masista wa Baldegg, ambao waliingia Tanganyika mwaka 1921. Mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo, na 1961 kikafuata kituo cha kufunzia wahudumu wa afya. Ni kutokana na mbegu hiyo tumeipata Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana leo dunia nzima kwa utafiti wa malaria.

Habari zake husimuliwa kwa mbu, vyandarua na chanjo, na ni haki yake. Lakini njia iliyofunguliwa na Geigy haikuwaleta Waswisi bondeni peke yao. Iliwapeleka pia vijana wa Kitanzania Basel kusoma. Hassan Mshinda, Salim Abdulla na Honorati Masanja, ambao kila mmoja kwa wakati wake aliiongoza taasisi ya Ifakara, wote walichukua shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel, chuo kilichoanzishwa mwaka 1460. Nyuma yao wamepita wengine wengi. Na anayekwenda kukaa Basel, atake asitake, anakwenda kukaa mlangoni mwa Ufaransa.

Basel imekaa kwenye kona ya nchi tatu: Uswisi, Ujerumani na Ufaransa. Uwanja wake wa ndege umejengwa kwenye ardhi ya Ufaransa. Treni kwenda Mulhouse, mji wa viwanda wa kusini mwa Alsace, eneo la Ufaransa, haimalizi hata nusu saa. Tramu namba 10 inayoelekea kijiji cha Rodersdorf hukatiza Leymen, ambacho ni kijiji cha Kifaransa, kisha hurudi tena Uswisi. Tangu Desemba 2017 tramu namba 3 inafika hadi Saint-Louis. Mwaka 2022 taasisi aliyoianzisha Geigy nayo ilihamia Allschwil, mji unaopakana na Ufaransa.

Hata hivyo ukaribu huo haukuwa na faida sawa kwa watu wote. Uswisi iliingia katika eneo la Schengen Desemba 2008. Kabla ya hapo, Mtanzania mwenye kibali halali cha kusoma Basel alitakiwa kuomba viza nyingine ndipo avuke kwenda kununua mkate ng'ambo. Mswisi aliyekaa naye dawati moja alikwenda na kurudi kwa baiskeli. Wanaozungumzia chakula cha ugenini kama suala la ladha tu husahau kwamba kwa kizazi kile cha kwanza, Ufaransa ilikuwa harufu ya upande wa pili.

Baada ya 2008 mlango ulifunguka, na kilichowasukuma wanafunzi kuvuka kilikuwa bei. Nyama Uswisi ni ghali mno, ndiyo maana wakazi wa Basel wenyewe hufuata nyama Ufaransa, wakichunga wasizidishe kilo moja ya nyama mbichi kwa kila mtu kwa siku, kiwango ambacho forodha hairuhusu kuvukwa bila ushuru. Mwanafunzi wa kutoka Ifakara aliyefuata nyama kwenye soko la Mulhouse, linalofanyika Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alikuta zaidi ya nyama: kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, jibini zenye harufu kali ya kumrudisha mtu nyuma, na hatua chache mbele, bamia, mihogo, giligilani mbichi na mabucha ya halali ya watu wenye asili ya Algeria, Moroko na Uturuki. Kuskusi, chakula cha Maghreb, sasa ni miongoni mwa vyakula vinavyopendwa sana na Wafaransa wenyewe. Kwa hiyo Mwislamu wa Kilombero hakulazimika kusimama pembeni akiwatazama wenzake wakila.

Hapo ndipo dhana iliyoletwa kutoka nyumbani ilipovunjika. Kwetu, chakula cha Kifaransa kilijulikana kama chakula cha hoteli kubwa: sahani pana, kipande kidogo katikati, mchuzi umechorwa pembeni. Jiko hilo lipo kweli, na kitabu cha Auguste Escoffier cha mwaka 1903 ndicho kilichoweka kanuni zake. Lakini Alsace inalishwa na jiko la wakulima. Flammekueche, unga uliosukumwa mwembamba ukapakwa malai na kutandazwa vitunguu na vipande vya kitimoto, kilianza kwa wanakijiji waliotaka kupima moto wa tanuri kabla ya kuchoma mikate. Baeckeoffe ni viazi na nyama za aina tatu zilizolala usiku kucha katika mvinyo mweupe, zikafungiwa ndani ya chungu ambacho kifuniko chake kimezibwa kwa kinyunya kuzunguka ukingo wote. Kwa mapokeo, akina mama walikipeleka chungu hicho kwa mwoka mikate siku ya Jumatatu, siku ya kufua, kikaiva polepole kwa joto lililobaki huku wao wakimalizana na nguo. Mtu aliyekua akiona wali ukipaliwa makaa juu ya kifuniko hahitaji kuelezwa kinachoendelea ndani ya chungu kile.

Chakula ambacho naona kinamhusu mtu wa Kilombero kuliko vyote ni samaki. Magharibi tu ya Basel linaanza eneo liitwalo Sundgau, nchi ya vilima na mabwawa. Mabwawa hayo yanahusishwa na watawa wa abasia ya Lucelle, iliyoanzishwa karne ya 12, ambao walihitaji samaki kwa Ijumaa na Kwaresima huku bahari ikiwa mbali. Walifuga carpe, samaki mnene wa maji yaliyotulia. Mpaka leo migahawa ya vijiji hivyo inampika kwa namna moja: anakatwa vipande, anatiwa chumvi, anaviringishwa kwenye semolina laini, anakaangwa kwenye mafuta mengi, anatolewa apumzike, kisha anarudishwa kwenye mafuta mara ya pili mpaka ganda liwe la kahawia na likauke. Huletwa na chipsi, saladi ya majani, mayonezi na limau. Huliwa kwa mkono, kwa sababu miiba yake haitaki haraka na uma hausaidii kitu. Mbele ya sahani hiyo, kijana aliyezoea perege na kambale wa Kivukoni, pale penye pantoni ya Mto Kilombero, hana la kujifunza kuhusu adabu za mezani.

Tofauti iko kwingine. Mwaka 1975 vijiji vya Sundgau viliiunganisha migahawa yao chini ya jina moja, Njia ya Carpe wa Kukaanga, na watu wakaanza kusafiri kumfuata samaki huyo. Jibini la Munster, la bonde la milimani katika Alsace hiyohiyo, lilipewa mwaka 1969 ulinzi wa kisheria wa jina na mahali linapotoka, kwa mfumo ambao Ufaransa iliuanza mwaka 1935 kwa mvinyo. Mwaka 2010 UNESCO ikautia mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Na Alsace ni nchi iliyorushwa huku na huku kama sisi: Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioiondoa Tanganyika mikononi mwa Wajerumani, ndio ulioithibitisha Alsace kuwa ya Ufaransa tena.

Bonde la Kilombero halikosi kitu cha kulindwa. Uwanda wake wa mafuriko umo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu tangu 2002. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KATRIN, hapohapo Ifakara, ndicho kilichowapa wakulima mbegu ya mpunga ya SARO 5, inayolimwa sasa mbali nje ya bonde. Wandamba, wenyeji wa bonde hili, wanawajua samaki wa mto wao kwa misimu yao, na wanajua yupi wa kukaanga, yupi wa kukausha kwa moshi juu ya uchanja. Tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018 magari hayasimami tena Kivukoni kusubiri pantoni, na foleni iliyokuwa ikimlisha mama lishe wa pale haipo. Taasisi iliyozaliwa Ifakara imekusanya takwimu za kaya za bonde hili kwa miaka mingi, na wasomi wake wengine wamekula carpe Sundgau. Ningependa mmoja wao aende Kivukoni na daftari sasa, wakati wapishi wa enzi za pantoni bado wapo, aandike ni samaki gani walipikwa, kwa mafuta gani, na nani alimfundisha nani.